Kabla Hujamtoa Mtoto Shuleni: Sheria Inamtaka Nini Anayesomesha Nyumbani

Ndugu wazazi, walezi na walimu mliopo hapa, hamjambo.

Nimeombwa, kama wakili, nizungumze kuhusu sheria ya kusomesha watoto nyumbani, na najua neno sheria likitajwa nusu ya ukumbi hushikwa na usingizi na nusu nyingine hushikwa na woga. Wa usingizi nitajitahidi wasilale. Wa woga nataka niwahamishe, kwa sababu mnaogopa mahali pasipo. Wazazi wanaonijia ofisini wanaogopa mkaguzi, wanaogopa mtihani, wanaogopa kuulizwa cheti cha ualimu. Ni wachache mno wanaoziogopa zile siku kati ya asubuhi mtoto alipobaki nyumbani na siku ofisi ya elimu ilipopata karatasi. Kesi nyingi huzaliwa hapo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi leo.

Tuanze na msingi. Karibu kila nchi ina sheria ya elimu ya lazima. Ukiisoma vizuri utagundua kwamba kuna nchi zinazolazimisha elimu, na kuna zinazolazimisha shule. Ni swali la kujiuliza kabla hujanunua kitabu hata kimoja. Katiba ya Denmark, kifungu cha 76, inasema mzazi anayejipangia mwenyewe elimu inayolingana na ile ya shule ya msingi halazimiki kumpeleka mtoto katika shule ya umma. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya kutwa inayofaa umri wake, uwezo wake na mahitaji yake maalumu kama anayo, kwa kuhudhuria shule "au kwa njia nyingine". Maneno hayo machache ya mwishoni ndiyo yaliyobeba elimu yote ya nyumbani nchini humo. Yaondoe, na maelfu ya wazazi watakuwa wahalifu kesho yake.

Ng'ambo ya pili iko Ujerumani. Kule mtoto mwenye umri wa shule anatakiwa awe darasani, na misamaha ni michache sana, kama ile ya ugonjwa. Mwaka 2006 wazazi katika kesi ya Konrad walifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu wakidai kwamba dini yao inawaruhusu kufundisha wenyewe. Mahakama ilikataa kuipokea kesi. Ilikubali hoja ya Ujerumani kwamba jamii ina haki ya kutaka watoto wakue pamoja na wenzao wasiofanana nao. Mwaka 2013 watoto wanne wa familia ya Wunderlich walichukuliwa nyumbani kwao na kukaa mbali na wazazi kwa wiki tatu. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilisema haki ya familia haikuvunjwa. Nawatajia haya ili mtu asije akaniambia kwamba haki za binadamu zitamlinda popote alipo. Hispania, Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2010 kwamba bunge linaweza kuwalazimisha watoto wote waende shule bila kuvunja katiba. Brazil, Mahakama Kuu ya nchi ilisema mwaka 2018 kwamba bila sheria ya bunge inayoiruhusu, elimu ya nyumbani haina uhalali.

Kuna hoja moja ya wazazi ambayo naisikia kila mara, na naomba leo tuimalize. Mzazi anakuja na Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kaipigia mstari ibara ya 26, fungu la tatu: wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Lakini fungu la kwanza la ibara hiyohiyo, mistari michache juu yake, linasema elimu ya msingi iwe ya lazima. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ukaongeza kwamba uhuru wa wazazi kuchagua shule nyingine unaendana na viwango vya chini vinavyowekwa na dola. Kisha mwaka 1989 ukaja Mkataba wa Haki za Mtoto, na hapo mambo yakageuka: mwenye haki ya elimu sasa ni mtoto mwenyewe, na ibara ya 12 inataka asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kwa hiyo mzazi akisimama mbele ya hakimu na kusema "ni haki yangu", hakimu atamtazama mtoto kwanza. Binafsi naona hakimu huyo yuko sawa.

Kati ya ng'ambo hizi mbili kuna nchi zinazosema: unaweza, ila omba. Huko ndiko dunia inakoelekea, na Ufaransa ni mfano mzuri. Kwa zaidi ya karne moja, tangu sheria ya mwaka 1882, mzazi wa Kifaransa alitoa taarifa tu kwamba mtoto atasomea nyumbani. Sheria ya Agosti 2021 ikabadilisha hilo, na tangu muhula wa Septemba 2022 taarifa haitoshi, inatakiwa ruhusa. Sababu zinazokubalika ni nne: afya au ulemavu wa mtoto, mazoezi mazito ya michezo au sanaa, familia inayohamahama au inayoishi mbali na shule, na hali ya pekee ya mtoto mwenyewe, ambayo mzazi lazima aieleze na kuambatanisha mpango wa kumfundisha. Maombi hupelekwa kati ya tarehe 1 Machi na 31 Mei kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata. Ofisi ikikaa miezi miwili bila kujibu, ombi limekubaliwa. Kifungu kama hicho cha ukimya kina thamani kubwa, na wazazi wengi hawakijui kwa sababu hawasomi sheria yenyewe, wanasoma wanachoambiwa na wenzao kwenye makundi ya simu.

Sasa tufike kwenye zile siku nilizozitaja.

Mtoto ameonewa shuleni, au haendelei, au familia imeamua tu. Jumatatu asubuhi mama anasema, "Leo huendi." Anajua moyoni kwamba uamuzi umeshafanyika. Kwa shule, hata hivyo, jina la mtoto bado liko kwenye rejista na mwalimu anaandika hayupo. Jumanne hayupo. Baada ya muda fulani, ambao kila nchi imejiwekea wake, mwalimu mkuu analazimika kutoa taarifa. Faili linafunguliwa. Kichwa cha faili hilo hakisemi "mtoto anayesomea nyumbani". Kinasema "mtoro". Na faili likishafunguliwa kwa jina hilo, kila karatasi utakayoleta baadaye itasomwa kama utetezi wa mtu aliyeshtakiwa.

Utaratibu ni uleule karibu kila mahali: karatasi kwanza, mtoto baadaye. Ni karatasi gani, hilo ndilo linalotofautiana. Uingereza, kwa shule ya kawaida, barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu inatosha. Shule inaondoa jina na kuiarifu mamlaka ya elimu ya eneo. Lakini mtoto aliyewekwa na mamlaka katika shule maalumu haondolewi bila idhini ya mamlaka hiyo, na nimewaona wazazi waliodhani barua ni barua. Jimbo la New York nchini Marekani linataka taarifa ya nia ifike kwa msimamizi wa elimu wa wilaya kabla ya tarehe 1 Julai, au ndani ya siku 14 kama umeanza katikati ya mwaka. New Zealand huwezi kuanza kabla hujapewa cheti cha msamaha, na ili ukipate lazima uishawishi wizara kwamba mtoto atafundishwa kwa mpangilio na kwa ubora usiopungua ule wa shule iliyosajiliwa. Afrika Kusini unaomba usajili kwa mkuu wa elimu wa jimbo chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Shule ya mwaka 1996. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2024, na adhabu ya mzazi anayemzuia mtoto kupata elimu ya lazima bila sababu ya haki ikapandishwa hadi kifungo cha miezi 12.

Barua yenyewe iwe fupi. Nitawasomea ile ninayowapa wateja, muone jinsi isivyo na mapambo:

"Mimi ni mzazi wa (majina kamili ya mtoto), aliyezaliwa (tarehe), mwanafunzi wa darasa la (namba). Nakujulisha kwamba kuanzia (tarehe) mtoto huyu atapata elimu yake nyumbani, kwa mujibu wa kifungu cha (namba) cha Sheria ya Elimu. Naomba jina lake liondolewe katika rejista ya shule, na nipate uthibitisho wa maandishi."

Basi. Saini, tarehe, anwani. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, au itume kwa njia inayotoa risiti. Na mahali panapotakiwa ruhusa, sentensi ya pili inageuka kuwa ombi, na mtoto anaendelea kwenda shule hadi jibu litoke.

Tatizo ni kwamba watu wanaandika kurasa nne. Wanamweleza mwalimu aliyemdhalilisha mtoto, watoto waliomcheka, mwalimu mkuu aliyepuuza. Yote yanaweza kuwa kweli, na yana mahali pake pa kulalamikiwa. Lakini ukiyachanganya na taarifa ya kuondoa mtoto, umeipa ofisi sababu ya kukuita mkasuluhishane, na wakati mnasuluhishana rejista inaendelea kuandika hayupo. Malalamiko yaandike kwenye barua nyingine, siku nyingine.

Baada ya hapo yapo mengine ambayo sheria inayataka, na nitayapitia kwa kasi isiyolingana, kwa kuwa hayana uzito sawa.

Cheti cha ualimu kwa kawaida hakitakiwi. Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani linataka anayesimamia masomo awe amemaliza sekondari au awe na cheti kinacholingana nayo. Zipo sehemu wasiouliza kabisa. Wanaojinyima usingizi kwa hili wanapoteza bure.

Masomo ya kufundisha yanatofautiana mno. Texas imo katika kundi la walegevu kabisa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya jimbo hilo, katika kesi ya Leeper, ilithibitisha kwamba nyumba inayosomesha ni shule binafsi, na kinachotakiwa ni kufundisha kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, kwa mtaala ulioandikwa. Hutoi taarifa, hupeleki ripoti. New York, kwa upande wake, inataka mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti kila robo mwaka, tathmini ya mwaka, na saa 900 za masomo kwa mwaka kwa darasa la kwanza hadi la sita, kisha saa 990 kuanzia la saba hadi la kumi na mbili. Marekani hiyohiyo, bendera ileile. Ndiyo maana nikiulizwa "sheria ya Marekani inasemaje?" huwa nauliza kwanza, jimbo gani?

Ushahidi sasa. Hapa naomba mnisikilize, kwa kuwa hata mahali pasipodai ushahidi, mtoto ataudai siku moja. Austria, mtoto anayesomea nyumbani hufanya mtihani kila mwisho wa mwaka mbele ya watahini wa nje, na akishindwa lazima arudi shule. Singapore, chini ya Sheria ya Elimu ya Lazima, hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi pamoja na wenzake wote, na matokeo yake yasiwe chini ya kiwango kilichowekwa, yaani awapite angalau theluthi moja hivi ya watahiniwa waliofanya masomo hayo. Afrika Kusini mtathmini mwenye sifa humpima mtoto mwishoni mwa kila awamu. Pennsylvania mzazi huweka jalada la kazi za mtoto, na mtathmini huru hulipitia kabla ya tarehe 30 Juni.

Jalada la namna hiyo linajengwaje? Nimeshika majalada mengi na naweza kulijua zuri kwa ukurasa mmoja. Baya limeandikwa: "Jumatatu, hisabati. Jumanne, hisabati. Jumatano, hisabati." Limeandikwa kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja, usiku wa kuamkia ukaguzi, na mkaguzi anaona wino. Zuri limeandikwa: "Jumatatu, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ukurasa wa 41. Amejumlisha asili kwa asili. Jumatano, tumerudia kwa kukata karatasi. Ijumaa, maswali kumi, amekosa mawili." Chini yake kuna karatasi yenyewe ya Jumatatu, na makosa yake, na ya Ijumaa. Wazazi wana tabia ya kutupa karatasi yenye makosa na kubakiza safi. Msifanye hivyo. Mkaguzi anatafuta mwendo, na mwendo hauonekani kama hakuna pa kuanzia.

Wekeni pia orodha ya vitabu, tarehe za ziara za kielimu, jina la mwalimu yeyote wa ziada na siku alizokuja. Mkitumia programu ya mtandaoni, chapisheni ripoti zake, maana akaunti hufungwa na kampuni hufilisika. Na msidanganyike kwamba kumwandikisha mtoto katika shule ya mtandaoni kumemaliza suala la sheria. Uingereza, kwa mfano, mtoto anayesoma kwa intaneti akiwa sebuleni huhesabiwa anasomea nyumbani, na mzigo wa kifungu cha 7 unabaki kwa mzazi.

Mlioko kwenye mazingira ya sheria legevu msinione mkorofi, lakini furaha yenu ina deni. Mtoto asiyeulizwa kitu na serikali hadi ana miaka kumi na saba ataulizwa na chuo, na mwajiri, na ubalozi. Atataka kufanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo atagundua kwamba usajili ulifungwa miezi kadhaa nyuma, kwamba anatakiwa kutafuta kituo kitakachompokea, na kwamba masomo yenye vitendo vya maabara au kazi ya mwaka mzima inayosahihishwa na mwalimu hayana njia rahisi kwa aliye nje ya shule. Mambo haya yaulizwe mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, akiwa bado na nafasi ya kuchagua masomo kwa kuyajua.

Kuna mtego mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mmeanza nyumbani, mnafurahia, jirani naye anamtoa wa kwake, mnakubaliana: wewe mzuri wa hisabati wafundishe wote, mimi nitawafundisha lugha. Mwezi wa tatu kuna watoto wanane, meza ndefu, ratiba ukutani, na mchango wa kila mwezi. Mnaiita ushirika. Sheria inaweza kuiita shule isiyosajiliwa. Uingereza mpaka umeandikwa wazi: mahali panapotoa elimu ya kutwa kwa watoto watano au zaidi wenye umri wa lazima ni shule ya kujitegemea, na kuiendesha bila usajili ni kosa la jinai. Kama yumo hata mtoto mmoja mwenye mpango rasmi wa mahitaji maalumu, huyo mmoja anatosha. Kwa hiyo kukutana siku moja kwa wiki kufanya sayansi pamoja ni jambo moja, na kukabidhi watoto kwa mtu asubuhi hadi alasiri siku tano ni jambo jingine. Kabla hamjanunua meza ndefu, ulizeni idadi na ulizeni saa.

Kuhusu ukaguzi wa nyumbani: haki ya ofisa kuingia inatofautiana, na mahali pengine unaweza kukataa asiingie ukaleta ripoti ya maandishi badala yake. Mimi huwashauri wateja wamkaribishe, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Najua wapo watakaonipinga, na baadhi yao ni mawakili wenzangu. Lakini wapo watoto wachache walioondolewa shuleni ili wasionekane, na ofisa anayeomba kumwona mtoto anawatafuta hao. Akimwona wako anasoma, anaandika mistari mitano na kuondoka. Kumbuka tu kuuliza jina lake, kumwomba kitambulisho, na kumtumia barua siku hiyohiyo ukieleza mliyozungumza.

Wazazi wasioishi pamoja, hili ni lenu. Kama wote wawili mna mamlaka juu ya mtoto, barua yenye saini ya mmoja inaweza kupingwa na mwenzake, na mzozo ukifika mahakamani hakimu ataamua kwa maslahi ya mtoto. Uzoefu wangu ni kwamba mzazi anayetaka mtoto abaki shuleni huanza na faida, kwa sababu shule ni kitu ambacho hakimu anakijua. Mwenye kutaka nyumbani ndiye anayebeba mpango, ratiba na ushahidi. Zungumzeni kabla, na makubaliano yaandikeni.

Na wanaohama nchi: sheria inayokuhusu ni ya mahali unapoishi. Familia ya Romeike iliondoka Ujerumani mwaka 2008 ikaenda Tennessee, Marekani, ili isomeshe watoto nyumbani. Jaji wa uhamiaji aliwapa hifadhi mwaka 2010. Rufaa ikaibatilisha, mahakama ya juu yake ikakubaliana na rufaa mwaka 2013 kwa hoja kwamba sheria inayowabana Wajerumani wote haimtesi mtu mmoja, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka 2014. Baada ya hapo waliruhusiwa kubaki kwa uamuzi wa serikali tu, bila haki yoyote mpya kupatikana kwa wengine. Mtu asipange maisha ya watoto wake kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Muda wangu umekwisha na mwenyekiti ananitazama. Waliokuja na rasimu za barua wazilete mbele tuzisome pamoja wakati wa maswali, ila zifutwe jina la mtoto kwanza. Wenye watoto walio katika shule maalumu, au wenye amri yoyote ya mahakama juu ya mtoto, msiulize hadharani. Nitakuwa chumba cha pembeni hadi jioni.